UZI: Kabro inaishia mtoni. Historia fupi ya pesa za njia za miguu, na kwa nini kaunti yenu huenda ilizikosa

Wakenya wenzangu, leo tuongee kuhusu kabro. Najua mlitaka habari za miungano ya uchaguzi. Tulieni kidogo, hii nayo ni siasa.

Kwenye midahalo ya kaunti kuna mahali mambo huchemka kila mara. Mgombea mmoja anasema: "Kaunti jirani wamepata pesa za njia za miguu na taa za barabarani. Sisi tumekosa kwa sababu ya uzembe wa ofisi." Mwenzake anajibu: "Hizo pesa zina upendeleo. Tumeonewa." Watu wanapiga makofi pande zote mbili, halafu tunaenda nyumbani bila kujua nani amesema kweli. Kumbe kila mmoja anaweza kuwa na nusu ya ukweli. Kuipata nusu ile nyingine lazima turudi nyuma miaka hamsini na kitu.

Sitataja mwanasiasa wala chama, mnajua ni kanuni yangu. Na mji wangu sitautaja pia, kwa sababu yaliyotokea kwetu yametokea kwingi.

Kwanza mjue ninaongea kutoka wapi. Mimi ni mtoto wa mtu wa baiskeli. Baba alibeba abiria pale Busia enzi zile boda boda ikiwa baiskeli kweli, ina kiti cha sponji nyuma na kengele. Jina lenyewe lilizaliwa hapo, kwa vijana waliokuwa wakivusha watu kati ya upande wa Kenya na upande wa Uganda. Baba alistaafu magoti yalipokataa. Mimi nilirithi tabia ya kuangalia kando ya barabara badala ya kuangalia barabara yenyewe. Ukikulia kwenye baiskeli unajua kwamba uhai wako uko kwenye ile sentimita sitini kati ya lami na mtaro.

Sasa twende kwenye takwimu mbili tu, sipendi kuwachosha. Nairobi, karibu safari nne kati ya kumi hufanywa kwa miguu mwanzo hadi mwisho. Na kitaifa, kwa miaka ya hivi karibuni barabara zetu zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na ukisoma ripoti za NTSA kundi kubwa kuliko yote ni wanaotembea kwa miguu. Sio madereva, sio abiria wa matatu. Ni mtu aliyekuwa anaenda zake dukani.

Kwa hivyo ungedhani njia ya miguu ingekuwa ya kwanza kupata pesa. Haijawahi kuwa hivyo, na sababu ziko kwenye sheria, si kwenye roho mbaya ya mtu mmoja.

Anzia 1969. Mwaka huo Bunge lilipitisha sheria ya kuhamisha majukumu. Mabaraza ya kaunti ya zamani yakanyang'anywa elimu ya msingi, afya na barabara, kuanzia Januari 1970. Miji michache mikubwa ilibaki na majukumu yake. Halafu miaka michache baadaye ule ushuru wa kichwa uliokuwa unajaza mifuko ya mabaraza ukafutwa. Kwa hivyo mabaraza mengi yakabaki na jina, madiwani, gari moja bovu, na ushuru wa soko. Huwezi kujenga njia ya miguu kwa pesa za kuku na sukuma wiki. Wazee wanaosema "zamani baraza lilikuwa linafanya kazi" mara nyingi wanakumbuka kabla ya hapo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaletwa "service charge", kodi ya kila mwezi kwa mwenye mshahara na mwenye biashara. Watu waliichukia. Ilipoondoka ikaja kitu ambacho wengi humu hamkumbuki lakini ndicho babu wa mjadala wetu wa leo: LATF. Sheria yake ni ya 1998. Asilimia 5 ya kodi ya mapato ilitengwa kwa mabaraza ya miji na ya wilaya, yaliyofika kama 175 nchi nzima.

Hapa sasa tega sikio. Pesa za LATF hazikuwa za bure kabisa. Kiasi cha kila baraza kilipigwa hesabu kwa fomula, idadi ya watu ikiwa na uzito mkubwa. Lakini katika hicho kiasi, asilimia 60 ilikuwa ya huduma na asilimia 40 ilikuwa ya utendaji. Ile 40 ulipewa ukileta makaratasi: hesabu za mapato, orodha ya madeni, mpango wa kuongeza mapato, na baadaye orodha ya miradi iliyotoka kwa wananchi. Ukichelewa unakatwa. Ukichelewa sana, unakosa yote.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza Kenya tulifundishwa kwamba pesa za mtaa wako zinategemea karani wako. Kama karani alikuwa mzuri mtaro ulichimbwa. Kama karani alikuwa mlevi, basi pole.

Halafu 2003 ikaja CDF, na CDF ilikuja na falsafa ya kinyume kabisa. Asilimia 75 iligawanywa sawa kwa kila eneobunge, asilimia 25 kwa kuangalia umaskini. Hakuna kushindana, hakuna kuandika maombi kwa Hazina. Kila mbunge anapata. Mnajua faida zake na mnajua madudu yake, sitayarudia.

Kwa hivyo tangu hapo tumekuwa na mawazo mawili yanayoshindana ndani ya nchi moja. Moja linasema pesa zigawanywe, kila mtu apate fungu lake. Lingine linasema pesa zigombaniwe, anayejipanga ndiye apate. Ukisikia wanasiasa wakibishana kuhusu ruzuku, mara nyingi ni haya mawili yamevaa suti tofauti.

Sasa njia ya miguu ilikuwa upande gani? Hapa ndipo pananiuma.

Pesa kubwa za barabara Kenya hutoka kwa ushuru wa mafuta. Sheria ni ya 1993. Kila lita unayonunua ina ushuru huo ndani: ulikuwa shilingi 18 kwa miaka kadhaa, ukapanda hadi 25 mwaka 2024. Unagawanywa kwa sheria. Mamlaka za barabara zina asilimia zao, maeneobunge yana yao, ile 22 maarufu. Hakuna mhandisi anayeandika barua ya kurasa arobaini kueleza kwa nini gari linastahili lami. Gari lina fungu lake kisheria.

Kisingizio kikawa kwamba ushuru wa mafuta hulipwa na mwenye gari, kwa hivyo urudi kwa mwenye gari. Hebu tafakari hiyo. Mama anayepanda matatu asubuhi halipi ushuru wa mafuta ndani ya nauli? Mkulima ambaye mahindi yake yamebebwa na lori halipi? Anayetembea kwa miguu Kenya ni mlipaji wa ushuru wa mafuta kama wewe na mimi, ni vile tu risiti yake haionekani.

Hata pikipiki walipata njia ya mkato. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo, zile za chini ya 250cc. Ndani ya miaka michache boda boda ya baiskeli ilikuwa imekwisha, kiti cha sponji cha baba kikawa mahali pa kuku kutagia. Sisemi pikipiki ni mbaya, zimelisha familia nyingi, hata binamu zangu. Ninachosema ni kwamba pikipiki hazikuombwa ziandike pendekezo la mradi. Ilikuwa ni mstari mmoja kwenye hotuba ya bajeti.

Ila wa miguu na wa baiskeli, kila walipopata kitu, kilikuja kama mradi. Mradi wa mfadhili, mradi wa majaribio, mradi wa mfano. Barabara ya UN Avenue pale Gigiri ilipata njia nzuri ya miguu na baiskeli kama mfano wa kuonyesha, na jirani zake unawajua ni nani. Wakati huohuo barabara ya Thika, takriban kilomita 50, ilifunguliwa rasmi Novemba 2012 ikiwa na safu za magari mpaka unapoteza hesabu, na baadhi ya madaraja ya wapita miguu yakakamilika magari yakiwa tayari yanakimbia chini. Wanaoishi Githurai na Roysambu hawahitaji nieleze watu walivyokuwa wakivuka.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyotupa tumaini. Jedwali la Nne linasema barabara za kaunti na uchukuzi wa kaunti, pamoja na taa za barabarani, ni kazi ya kaunti. Kifungu cha 203 kinasema kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa kama mgao wao. Kifungu cha 202 kinaongeza mlango wa pili: serikali kuu inaweza kuzipa kaunti pesa za ziada, zenye masharti au zisizo na masharti. Huo mlango wa pili ndio uzi huu wote.

Nairobi ikajaribu kwa njia ya sera. Mwaka 2015 kaunti ilizindua sera ya usafiri wa miguu na baiskeli ikaahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara kwa ajili hiyo. Asilimia ishirini! Wengine wetu tulipiga vigelegele. Lakini sera si bajeti, na ahadi isiyo na mtu wa kukushtaki ukiivunja ni ahadi tu. Katikati ya jiji kuna barabara zilizopata njia pana na nzuri kama miaka mitano baadaye, Kenyatta Avenue na Wabera Street nendeni mwone. Nendeni pia Pipeline na Mukuru, halafu mniambie ile 20 ilifika wapi.

Halafu 2017 ikaja KUSP.

KUSP ni mpango wa kusaidia miji, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300. Kaunti 45 ziliingia, Nairobi na Mombasa zikaachwa nje, na miji 59 ikawa kwenye orodha. Kulikuwa na mafungu mawili ambayo ni muhimu kwetu. La kwanza lilikuwa la kujenga ofisi, yaani kusaidia kaunti kuunda manispaa, kama shilingi milioni 41 kila kaunti. La pili, kubwa, lilikuwa la kujenga vitu: mitaro, masoko, vituo vya matatu, taa, na ndiyo, njia za miguu na baiskeli. Mwaka wa fedha 2018/19 fungu hilo la pili lilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 11.

Ukiona kabro mpya katikati ya mji wenu iliyowekwa 2019 au 2020, uwezekano ni mkubwa ilitoka hapo. Haijalishi bango lilikuwa na picha ya nani.

Sasa masharti. Ili mji wako upate fungu la pili, kaunti ilitakiwa iwe imeupa mji hati ya manispaa. Bodi ya manispaa iwe imeteuliwa. Kuwe na meneja. Manispaa iwe na fungu lake ndani ya bajeti ya kaunti. Na kadhalika, orodha ilikuwa inaongezeka kila mwaka. Ukitimiza, unapata kulingana na idadi ya watu ndani ya mji wako. Usipotimiza, sifuri.

Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu kuna watu wa upande wangu wanaopenda kusema masharti ni ukoloni mamboleo. Sheria ya miji ilipitishwa 2011. Hadi 2017, miaka sita nzima, kaunti nyingi hazikuwa zimeunda manispaa hata moja. Kwa nini gavana agawe mamlaka na bodi wakati anaweza kuendesha mji kutoka ofisini kwake? Kilio cha wananchi hakikumtikisa, wala sheria. Kilichomtikisa ni kuona jirani anakaribia kupata mamia ya mamilioni na yeye anakosa. Ndani ya miezi, hati zikaandikwa na bodi zikateuliwa. Kwa hivyo ukiniuliza kama ushindani unafanya kazi, nakujibu ndiyo, unafanya kazi ya kuamsha ofisi iliyolala.

Lakini kuamsha ofisi ni kitu kimoja na kufuata miguu ya watu ni kitu kingine. Sasa niwaambie ya kwetu.

Mji wetu ulifuzu. Tulisherehekea. Kikao cha kukusanya maoni kilifanyika kwenye ukumbi wa kanisa, nami nilikuwepo, nimekaa nyuma na mzee mmoja wa ng'ambo ya mto. Afisa alikuwa kijana mpole, amejiandaa, ana ramani ukutani. Wananchi walisema wanataka nini: njia ya miguu kutoka ng'ambo ya mto, kupitia darajani, hadi shule na soko. Kila mtu anajua watu wanatoka wapi asubuhi. Wanatoka ng'ambo, mamia, watoto wa shule, akina mama na beseni za nyanya, vijana wa mjengo.

Yule afisa akaangalia ramani yake, akasema: "Mzee, kule ng'ambo hakuko kwenye manispaa."

Mzee akamuuliza, "Mwanangu, manispaa ni nini?"

Kijana akaeleza vizuri tu. Hati ina mpaka. Mpaka umefuata mto. Pesa zimehesabiwa kwa watu waliomo ndani ya mpaka, na zinatumika ndani ya mpaka. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mwambie huyo manispaa sisi ndio tunanunua kwake." Watu wakacheka. Afisa akacheka pia, lakini aliandika kwenye daftari lake, nilimwona.

Kabro ilijengwa. Ni nzuri, sitadanganya. Ina taa, ina mtaro uliofunikwa, inazunguka afisi za kaunti, inapita benki, inashuka sokoni, inafika mtoni na inaishia hapo, imekatwa wima kama keki. Mwaka 2021 mtoto wa jirani ya shangazi yangu aligongwa na pikap upande wa pili wa daraja, mita kama mia mbili kutoka pale kabro inapoishia. Alipona. Anachechemea hadi leo. Siwezi kusimama mahakamani niseme kabro ingemwokoa. Ninajua tu kwamba upande mmoja wa daraja kuna mahali pa mtoto kutembea na upande wa pili hakuna, na kilichoamua upande ni hati iliyoandikwa haraka ili kuwahi tarehe ya mwisho.

Nani alikosea hapo? Afisa alifuata sheria, na mkandarasi alijenga alichoambiwa. Mfadhili aliweka masharti ya maana, kaunti ikayatimiza. Hapo ndipo ugumu ulipo, na ndiyo maana sipendi majibu ya mdahalo ya sekunde tisini.

Kuna mtu ataniambia, "Hayo ni matatizo ya Afrika, huko kwingine wanajua kugawa." Basi twende Uingereza kidogo, kwa sababu wao wamecheza mchezo huu wa kugombania pesa za miguu na baiskeli kwa miaka ishirini, na wengi wanaotushauri walijifunzia huko.

Mwaka 2005 miji sita ya Uingereza ilichaguliwa kuwa miji ya mfano wa baiskeli: Aylesbury, Brighton, Darlington, Derby, Exeter na Lancaster. Mwaka 2008 wakaongeza mingine, Bristol ikapewa cheo cha jiji la baiskeli. Ikaonekana baiskeli zinaongezeka. Basi taasisi iliyokuwa inasimamia ikavunjwa 2011, kwenye mkumbo wa kupunguza mashirika ya serikali. Ukaja mfuko mwingine, nao una jina jipya na fomu mpya. Ukaisha 2015. Ukaja mwingine.

London walifanya mashindano makali zaidi. Meya wa wakati huo aliweka mezani pauni milioni 100, akaambia mabaraza ya pembezoni mwa jiji yalete mipango ya kufanya mitaa yao iwe kama ya Uholanzi. Mabaraza 18 yaliandika. Mwaka 2014 wakatangazwa washindi watatu: Enfield, Kingston na Waltham Forest, kila mmoja karibu pauni milioni 30. Baadhi ya waliokosa wakaambulia kidogo. Waltham Forest walipoanza kufunga mitaa kwa magari, wapinzani waliandamana 2015 na jeneza, wakisema biashara za mtaa zimeuawa. Jeneza kabisa! Sisi tunadhani maandamano ya vituko ni yetu peke yetu. Baadaye Waltham Forest ikawa mahali ambapo wageni wanapelekwa kuonyeshwa.

Kwa hivyo mshindi alishinda kweli. Swali langu ni kuhusu wale kumi na watano wengine. Watu wao hawatembei?

Na kuandika ombi si bure. Mabaraza ya kule yalifanyiwa utafiti, na ilikadiriwa kwamba kila ombi la ruzuku ya ushindani hugharimu baraza takriban pauni 30,000. Baraza tajiri lina wataalamu wa kuandika. Baraza maskini linamwondoa mhandisi wake mmoja kwenye mashimo ya barabara ili aandike, halafu linakosa, halafu mashimo bado yapo.

Mwaka 2022 wakaunda taasisi ya kitaifa, Active Travel England, makao yake York. Ikaanza kuyapa mabaraza alama, kutoka 0 hadi 4, kwa kuangalia uwezo na utayari wao. Alama zikawa zinaathiri pesa. Mnaona sura? Ni ile asilimia 40 ya LATF yetu, imevaa koti la baridi. Na mwaka uliofuata, 2023, serikali ikakata pesa hizo kwa mamia ya mamilioni ya pauni, waliopata alama nzuri na waliopata mbaya wote wakaumia. Baadaye wakaanza kurudi kwenye fomula: mwaka 2025 walitangaza karibu pauni milioni 300, na sehemu kubwa ya pesa za mabaraza ikagawanywa kwa fomula badala ya kila mtu kuandika ombi upya.

Turudi nyumbani. Kuna kisa kimoja zaidi ambacho husahaulika kwenye midahalo, na ndicho kinachonifanya nisiwaamini wanaosema "tulileta" kwa kifua mbele.

Desemba 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba ruzuku zenye masharti kutoka kwa fungu la serikali kuu hazifai kuingizwa ndani ya sheria ya mgawo wa mapato. Zikahitaji sheria yake peke yake. Kisheria pengine ni sawa. Lakini matokeo yake ni kwamba sasa kila mwaka ruzuku hizi zinangoja Bunge na Seneti wakubaliane kuhusu mswada mmoja zaidi, na wakigombana, pesa zinakaa. Mkandarasi anaondoka. Mawe ya kabro yanabaki yamepangwa kando ya barabara, watoto wanayatumia kama viti. Mwaka 2024 tuliona ugomvi wa aina hiyohiyo juu ya ushuru wa mafuta, shilingi bilioni 10.5, kaunti zikisema ni zetu na wabunge wakisema ni za maeneobunge, mpaka mahakamani. Hakuna upande niliousikia ukisema kiasi gani kati ya hizo ni cha njia za miguu.

Kwa hivyo msimamo wangu, na mko huru kunipinga: pesa za kuamsha ofisi zigombaniwe. Weka masharti, weka alama, aibisha wazembe. Lakini njia ya miguu kuelekea shule na soko isiwe zawadi ya ofisi iliyoamka. Iwe na fungu lake ndani ya ushuru wa mafuta, kwa sheria, igawanywe kwa fomula inayohesabu watu wanaogongwa. Mtoto hawezi kuadhibiwa kwa sababu kaunti yake haikuteua bodi kwa wakati.

Kuna anayeniambia nikifanya hivyo magavana watalala tena. Huenda. Ni hoja nzito na sina jibu la kuifunga. Nami namuuliza, tangu 2017 tumewaamsha kwa pesa za mkopo. Mkopo ukiisha tutawaamsha na nini?

Mgombea akija kwenu msimu huu akasema ataleta kabro, msimuulize kilomita ngapi. Muulizeni hivi: ni pesa za fungu gani, zina masharti gani, na sharti lipi kaunti yetu haikutimiza mwaka jana? Atakayejibu hilo swali la tatu bila kugeukia msaidizi wake, mwandikeni jina. Halafu ombeni kuona ramani ya manispaa. Ni hati ya umma. Ya kwetu nilisumbua afisi kwa majuma matatu ndipo nikaipata, na nilipoipata nikakuta mpaka ulichorwa kwa kalamu moja kufuata mto, bila kupinda hata mahali pamoja.

Alhamisi wiki ijayo kuna kikao cha kupitia mipaka ya manispaa yetu. Yule mzee wa ng'ambo amenipigia simu kuniuliza kama atakubaliwa kuingia, kwa kuwa si mkazi. Nimemwambia tutaenda pamoja, tutembee kutoka kwake saa mbili asubuhi, muda uleule watoto wanapita. Nitawaletea picha.